Mhusika wako kwenye gemu ya mezani: kete, wewe mwenyewe, mtu wa kumvaa, au mtu wa kumtunga?

Watu wapya wakija mezani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, wanadhani kitakachowasumbua ni sheria na zile dadu za pande nyingi, lakini sheria mtu anazizoea jioni mbili tatu tu, kinachowakwamisha ni swali jingine kabisa: huyu mtu niliyemuandika kwenye karatasi, mimi ni nani kwake? Nimsukume mbele kama kete ya bao, niwe mimi mwenyewe ila nina upanga, nijigeuze niwe yeye, au nimsimulie nikiwa pembeni? Nimeshaona vikundi vinavunjika kwa sababu hii, na walioachana hawakuwa watu wabaya, kila mmoja alikuwa anacheza vizuri kwa njia yake ila hakuna aliyekaa akasema njia yake ni ipi.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, haraka haraka: mnakaa watu wanne watano, mmoja ndo gemu masta anayeelezea dunia na kuwachezesha maadui, wengine kila mmoja ana mhusika wake, unasema mhusika anafanya nini, pakiwa na wasiwasi kama ataweza au hataweza mnarusha dadu. Iliyofungua njia ni Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka Marekani mwaka 1974, na hela isikuzuie maana Januari 2023 sheria za msingi za toleo la 5 ziliachiwa kwa leseni ya Creative Commons, unazishusha bure na kihalali. Dadu za pande 20 hapa Tanga kuzipata ni shughuli, wengi tunatumia programu ya simu.

Tunapima kwa vigezo gani

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale. Kwanza, ukifika mahali pa kuamua unajiuliza swali gani, hiki ndo kigezo kikubwa na vingine vyote vinatoka humu. Pili, inataka maandalizi kiasi gani. Tatu, mhusika akifa inakuwaje, kwa sababu atakufa, kama sio huyu basi anayefuata. Nne, wenzako mezani wanapata nini na wanakereka na nini. Tano, inamfaa nani.

Na ili tusiongee hewani chukua tukio moja tulipitishe kote. Gemu masta amechukua Mapango ya Amboni akayarefusha mpaka chini ya bahari, giza, popo wanapita juu ya vichwa, na kuna daraja la kamba juu ya maji. Mhusika wako ni Mbaruku, baharia wa zamani wa majahazi ya Pangani, mpiganaji wa levo ya 1. Amebakiwa na pointi 4 za uhai kati ya 12, amevaa deraya, namba yake ya ulinzi, yani ile adui lazima aifikie ili ampate, ni 16. Upande wa pili wa daraja mchawi wenu kaanguka, kesharusha dadu za kifo, zile za kuamua kama atapona au atakufa, mara mbili na zote kafeli, ya tatu akifeli ndo basi. Goblini watatu, vijitu vidogo vikorofi, wanamkaribia. Mkononi una kamba, mwenge, na kichupa kimoja cha dawa ya kuponya. Ukivuka unaweza kufa, ukikata daraja goblini hawawafikii ila mchawi ndo mmemuacha. Unafanyaje?

Mhusika kama kete

Swali la hapa: kipi kinatuvusha? Mchezaji wa kete haangalii Mbaruku anajisikiaje, anaangalia ana nini na anaweza nini. Anapiga hesabu palepale, goblini anaongeza 4 kwenye dadu yake, kwa hiyo anahitaji 12 au zaidi kwenye dadu ya 20 kufikia 16 yangu, hiyo ni asilimia 45, wako watatu, kwa hiyo nafasi ya angalau mmoja kunipata ni kama asilimia 83, na pigo lao linaanzia 3 linafika 8 wakati mimi nina 4, yani likiingia moja karibu kila mara nimelala. Mchawi naye akirusha chini ya 10 amekufa, hiyo nayo asilimia 45. Halafu anaanza kumuuliza gemu masta maswali ambayo wengine hawakuyawaza: kamba yangu ina urefu gani, daraja linabeba watu wangapi kwa mara moja, maji ya chini yana kina gani, popo wakimulikwa na mwenge wanaruka kuelekea wapi?

Nasisitiza hapo kwenye maswali kwa sababu njia hii inadharauliwa sana, watu wanasema huyo hachezi mhusika anacheza namba, na mi sikubali. Hii ndo njia yenye asili ndefu kuliko zote, gemu zenyewe zimetokana na michezo ya vita ya vinyago vya askari, na zamani mhusika alikuwa anatengenezwa haraka, sifa zake sita, kama nguvu, akili na mvuto, zinatoka kwenye dadu 3 kila moja, unakubali ulichopata unaingia pangoni. Mchezaji mzuri wa kete ndo anayefikiria kuwatisha popo wawavamie goblini, afu amtupie mwenzake kitanzi. Hiyo ni akili, na meza nzima inashangilia.

Maandalizi ni kidogo. Siku hizi unazigawia sifa sita namba zilizopangwa tayari, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, unachagua silaha, umemaliza kabla chai haijapoa. Akifa unaumia kidogo kama mtu aliyeshindwa mchezo, unaandika mwingine, na Mbaruku wa pili anaweza kuingia usiku uleule. Kero yake kwa wenzake inakuja ukitokea wakati wa maongezi, mwenzio anamlilia ndugu yake aliyekufa mbele ya kaburi la Tongoni na wewe unauliza marehemu kaacha vitu gani. Kero nyingine ni kuwapangia wenzako, "wewe simama pale, wewe usipige huyo", mpaka mtu anajiona amekuja kusukumwa.

Inamfaa anayependa bao, drafti, chesi, mafumbo, na anayetaka kushinda kwa haki. Inafaa pia meza inayokutana kwa nadra, leo yupo huyu kesho hayupo.

Mhusika kama wewe mwenyewe

Hapa unajiuliza mimi ningekuwa pale ningefanya nini. Mbaruku ni jina tu, aliyesimama mbele ya daraja ni wewe. Kama kwa kawaida hukimbii rafiki utavuka, kama ni mtu wa kufikiri kwanza utasimama ufikiri, na hakuna atakayekuambia umekosea maana hakuna anayekujua kuliko wewe.

Kwa mgeni njia hii ndo nyepesi kupita zote na wengi wanaanzia hapa bila kujua. Hamna sauti ya kuigiza, hamna historia ya kuandika, aibu inapungua. Kuna kijana alikuwa anakuja mezani anakaa kimya, gemu masta akawa kila zamu anamuuliza kwa upole "haya kaka, na wewe ungefanyaje hapo?", akianza kujibu anajibu kwa maneno mawili, baadaye sentensi, mwishowe yeye ndo akawa anazungumza na walinzi wa mlangoni kwa niaba ya kundi zima. Asingefunguka kama angeambiwa aigize mzee wa kijini.

Tatizo la kwanza ni kwamba karatasi na mwenye karatasi hawafanani. Mhusika ana mvuto wa 18, anaweza kumshawishi sultani, mwenye mhusika ni mpole na maneno hayamtoki, je tumhukumu kwa maneno yake au kwa dadu? Mi naona dadu ziamue, mtu aseme tu anataka kumshawishi sultani kuhusu nini, kwani anayecheza mpiganaji mbona hatumwambii anyanyue kiti kwanza. La pili, wahusika wote wanafanana, mwaka juzi mwizi, mwaka jana mchawi, mwaka huu kasisi, na wote watatu wanaongea na kuamua vilevile. La tatu ndo zito, ukikataliwa mhusika unahisi umekataliwa wewe. Mwenzio akisema "Mbaruku ni muoga" unaisikia kama kakutukana, na akifa Mbaruku kuna wanaonyamaza mpaka wanachukua baiskeli zao kuondoka.

Inamfaa mgeni, mpole, mtu aliyetoka kazini kachoka anataka tu kuwa sehemu nyingine kwa saa tatu. Kwa wadogo zetu wa sekondari pia ni mlango mzuri, ila mtu mzima awepo.

Kumvaa mhusika

Swali linageuka: yeye angefanya nini, hata kama mimi nisingefanya? Unakuwa na mtu kamili kichwani, ana anachokitaka, anachokiogopa, aliyemuahidi kitu, na unaingia ndani yake unaongea kwa "mimi". Mbaruku wa hapa zamani aliruka kwenye jahazi linalozama akamuacha mdogo wake, na tangu siku hiyo hajawahi kumgeuzia mtu mgongo. Hesabu ya asilimia 83 haimhusu. Anavuka, na mchezaji moyo unamdunda kwelikweli japokuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya kikombe cha tangawizi.

Sisi watu wa mwambao njia hii inatukaa vizuri maana mazungumzo yenyewe kwetu ni mchezo wenye adabu zake. Dada mmoja mezani kwetu anacheza elfi, kiumbe wa hadithi anayefanana na mtu, na kwa sheria za toleo la 5 elfi anaweza kuishi zaidi ya miaka 700, sasa wa kwake ana miaka 210 ila sura ni ya binti wa miaka 20. Tulipofika kwenye kijiji cha dwafu, wale watu wafupi wachimba migodi, akatoka mzee wa ndevu mpaka kiunoni, wote tukampa shikamoo, yule dada akanyoosha mgongo, akashusha kanga begani, akatulia, akasema "Mwanangu, mimi nilimjua babu yako." Gemu masta ikabidi yule mzee ampe yeye shikamoo. Kijiji kizima kikabadilika tabia kuanzia hapo, tukapewa njia ya siri ya mgodini bila upanga kuchomolewa, na hamna dadu iliyorushwa.

Gemu zenyewe zinasaidia kwa viwango tofauti. D&D toleo la 5, kwa sheria za 2014, inakuandikisha anachokiamini mhusika, anachofungamana nacho, na kasoro yake, na gemu masta akiona umeiishi kasoro yako anaweza kukupa nafasi ya kurusha dadu mbili uchukue kubwa. Pendragon ya Greg Stafford, ya mwaka 1985, ilienda mbali zaidi, tabia zimepangwa jozi 13, ushujaa na uoga, ukarimu na uchoyo, kila jozi jumla yake 20, na kuna wakati unarushia dadu tabia ya shujaa wako na dadu inakuambia leo kaogopa hata kama wewe hukutaka. Vampire: The Masquerade ya 1991 inapima utu wa mhusika, akitenda maovu unashuka.

Maandalizi ni mengi ila sio lazima kurasa. Waliojaza daftari zima la historia mara nyingi wanashindwa kuitumia. Mambo matatu yanatosha: nani anamdai, anaogopa nini mbele za watu, na anaongeaje akikasirika.

Akifa, ni msiba. Nasema hivyo kwa uzito wake. Watu wametokwa machozi, na wengine wanabaki na huzuni siku kadhaa, au hasira ya mhusika inavuka inakuwa hasira ya mtu na mtu. Kwa hiyo meza za wavaaji zinahitaji breki, na breki nzuri iliyo rahisi ni ile kadi yenye alama ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos, inawekwa katikati, yeyote akiigusa tukio linarukwa na haulizwi sababu. Sisi tunatumia kipande cha boksi. Heshima ya mtu kutoulizwa ndo inayoifanya ifanye kazi.

Kero kwa wenzako ipo moja na ni kubwa, kuitumia tabia ya mhusika kama ngao. Anawaibia wenzake usiku, anamuua mtu mliyekuwa mnahitaji kumhoji, akiulizwa anasema "jamani ndo alivyo mtu wangu". Lakini aliyemuandika hivyo ni nani? Mhusika mwizi anaweza kuwa mwizi mwenye sababu ya kutowaibia hawa wanne, na ni wajibu wa mchezaji kuitafuta hiyo sababu kabla hajakaa mezani.

Inamfaa anayependa kuigiza, anayekutana na watu walewale kila wiki, na anayejua kuvua akimaliza.

Kumtunga mhusika

Hapa umesimama nje, unajiuliza hadithi ingenoga zaidi ikienda wapi. Unasema "yeye". Unaweza ukamfanyia Mbaruku uamuzi mbovu makusudi: anakata daraja, mchawi anabaki ng'ambo, na kuanzia leo ana watu wawili aliowaacha. Unamwambia gemu masta, vipi kama goblini mmoja anavaa shanga za mdogo wake? Gemu masta mwenye moyo mweupe anaichukua, na kampeni, yani hadithi ndefu ya vikao vingi, inapata miezi mingine ya kwenda.

Kuna gemu zilizotengenezwa hivi hasa. Kwenye Fate, mhusika ana sentensi fupi zinazomwelezea, na gemu masta anakupa pointi ukikubali moja ikuingize matatani, pointi hiyo unaitumia baadaye kujiokoa, kwa hiyo kuanguka kunalipa. Fiasco ya Jason Morningstar ya mwaka 2009 haina gemu masta kabisa, wote mnatunga watu wenye tamaa na mipango mibaya mnaangalia vinavyowabomokea, na inaisha jioni moja.

Kifo kwa mtunzi ni zawadi, anaweza hata kukiomba, "naomba Mbaruku afie kwenye daraja ila mchawi apone". Maandalizi ni ya kati, unahitaji zaidi kujua mwelekeo wa wenzako. Mnachopoteza ni ule mshtuko, maana ukijua hadithi inaenda wapi huwezi kuogopa giza sana, na wavaaji wanakereka ukikatiza kilio chao kupendekeza mgeuko wa hadithi. Wapo magemu masta wasiopenda kugawana usukani, waulize mapema.

Inamfaa anayeandika hadithi au tamthilia, na gemu masta aliyepumzika anayecheza kwenye meza ya mwenzake.

Kuchanganya

Hamna mtu anayekaa njia moja mwanzo mpaka mwisho. Mtu huyohuyo sokoni anamvaa mhusika, vita ikianza anahesabu kama kete, mwisho wa usiku njiani anatunga kitakachofuata. Hilo ni sawa kabisa. Ugomvi unakuja pale darajani, wawili wenye maswali tofauti wanapoamua kitu kimoja: wa kete anaona mvaaji anawaua wote kwa sababu ya mdogo mtu asiyekuwepo, mvaaji anaona wa kete anamuuza mwenzake kwa hesabu. Msitafute nani kakosea. Semeni kwa sauti "mimi hapa naangalia tupone" na "mimi naangalia ahadi yake", afu ombeni uamuzi unaobeba yote mawili, mara nyingi upo. Kamba ipo na mwenge upo.

Sasa wewe uanzie wapi

Kama hujawahi kucheza na unaona aibu, anza kama wewe mwenyewe, vikao vya mwanzo usijilazimishe sauti wala historia. Ukiona maamuzi yako yanajirudia, mpe mhusika anayefuata kitu kimoja ambacho wewe huna, aamini watu haraka, au asisamehe, na hapo utakuwa umeanza kumvaa bila kushtuka.

Kama mnakutana kwa msimu, mmoja yuko bandarini kwa zamu, mwingine anasoma Dar anarudi likizo, njia ya kete itawaokoa, na ikiwa mnataka hadithi chukueni gemu ya jioni moja mtunge. Kuvaa kunataka muda na watu walewale.

Kama kwa sasa una msiba wa kweli au mambo mazito nyumbani, usimvae mtu mwenye jeraha linalofanana na lako, hata kama unahisi litakusaidia. Cheza kete miezi hii, au tunga. Kuna anayepata nafuu kwa kuvaa, ila awe na watu anaowaamini sana na hiyo kadi iwe mezani.

Kama tatizo lako ni kufa kwa wahusika, kwamba ukipoteza mmoja unataka kuacha kabisa, mwambie gemu masta kabla. Anaweza kukubali kwamba mhusika wako hafi bila ridhaa yako ila anaweza kupoteza mkono, cheo, au jina, na hapo njia ya kuvaa inakuwa wazi kwako bila kuogopa.

Na kama ni meza mpya kabisa na hakuna anayejua yeye ni wa aina gani, msianze kampeni. Gemu masta aandae wahusika wa levo ya 1 tayari, awagawie bila kuchagua, awapitishe kwenye tukio moja lenye uamuzi mgumu kama lile la daraja, saa mbili linaisha. Mkimaliza kila mtu aseme pale penye uamuzi alijiuliza nini, mtu mmoja aandike majibu, na hayo majibu ndo gemu masta aende nayo nyumbani akapange kampeni.